Maswali ya mwaka wa kwanza wa sosholojia, na majibu yake

Chuo kikifunguliwa maswali huwa yale yale, iwe koridoni, kwenye kundi la WhatsApp la darasa au kwenye foleni ya steshenari. Nimeendesha semina za mwaka wa kwanza Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na nimeamua kuyaweka majibu yangu mahali pamoja, kwa urefu ambao dakika tano za koridoni haziruhusu. Nazungumza kwanza na mwanafunzi wa Tanzania, maana huko ndiko ninakokujua. Wa Kenya ataona nimemtaja pale mambo yanapotofautiana.

Sosholojia ni somo la nini hasa? Mambo ya jamii si tunayajua wote?

Hilo "tunayajua wote" ndilo linalowaangusha wengi. Mwanafunzi anasikia mada ni familia, dini, elimu, umaskini na uhalifu, anaona haya ni mazungumzo ya kijiwe cha kahawa, hafungui kitabu mpaka wiki ya mtihani. Kisha anajibu mtihani kwa maoni yake, na maoni matupu hayapewi alama.

Sosholojia inachunguza mambo yanayojirudia kati ya watu kwa mpangilio, hata kama hakuna aliyekaa chini akaupanga. Chukua daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna karatasi iliyobandikwa inayosema nani ampishe nani kiti. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni akipanda, macho ya abiria yanamhamia kijana aliyekaa, na kijana anaanza kuona kiti kinamchoma. Mwanafunzi mwenye sare ya shule anaambiwa asimame, kwa kuwa nauli yake ni ndogo na konda anaihesabu nafasi hiyo kama hasara. Umri, jinsia, pesa na mamlaka vyote vimo ndani ya gari moja, na safari bado haijafika Mtoni.

Abiria wa kawaida atasema vijana wa siku hizi hawana adabu, na mazungumzo yataishia hapo. Wewe kazi yako ni kuuliza: nani anapishwa, na nani, wakati gani, na asiyepisha anafanywa nini? Mtu mzima akiwa amevaa suti anapishwa sawa na mtu mzima aliyebeba kiroba? Hayo unaweza kwenda kuyaangalia, ukarudi na jibu ambalo hukuwa nalo.

Wiki ya kwanza utamsikia pia C. Wright Mills, Mmarekani aliyeandika mwaka 1959 kwamba kuna shida ya mtu na kuna suala la umma. Kijana mmoja mtaani akikosa kazi, tunaweza kuangalia bidii yake na ujuzi wake. Nusu ya vijana wa mtaa wakikosa kazi, kumchunguza mmoja mmoja tabia yake hakutufikishi popote. Itabidi tuangalie nani anaajiri, shule zinafundisha nini na mtaji uko wapi.

Tofauti yake na ustawi wa jamii ni ipi? Na maendeleo ya jamii?

Angalia vizuri jina la programu kabla hujatuma maombi, kwa sababu kila mwaka nakutana na mtu aliyetaka hiki akaingia kile. Ustawi wa jamii ni taaluma ya kuhudumia: mtoto aliyetelekezwa, mgogoro wa matunzo, mzee asiye na wa kumwangalia. Ukitaka hiyo, ipo Taasisi ya Ustawi wa Jamii hapa Dar es Salaam. Maendeleo ya jamii ni kufanya kazi na vikundi na vijiji, na Tengeru, karibu na Arusha, kuna taasisi yake. Sosholojia inauliza kwa nini watoto wanatelekezwa zaidi mahali fulani na wakati fulani. Wahitimu wa fani hizi tatu mara nyingi hukutana kwenye ofisi moja baadaye, lakini darasani mafunzo yao ni tofauti.

Anthropolojia, somo la binadamu na tamaduni zake, ni ndugu wa tumbo moja, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam masomo hayo mawili yako idara moja. Saikolojia inaanzia ndani ya mtu.

Nilizikimbia hesabu tangu kidato cha pili. Zitanifuata?

Zitakufuata kidogo, na ni vizuri zikufuate. Kiasi cha mwaka wa kwanza ni asilimia, wastani, uwiano na kusoma jedwali bila kuogopa. Kata A ina watu 40,000 na matukio 20 ya wizi kwa mwezi. Kata B ina watu 10,000 na matukio 10. Wapi kuna wizi zaidi? Anayejibu A ameangalia idadi tu. Kwa kila watu 10,000, A ina matukio 5 na B ina 10. Ukilielewa hilo, umeelewa sehemu kubwa ya takwimu utakazokutana nazo mwaka mzima.

Émile Durkheim, Mfaransa na mmoja wa waasisi wa sosholojia, alijenga jina lake juu ya hesabu za namna hiyo. Mwaka 1897 alichapisha uchunguzi wake kuhusu watu kujiua barani Ulaya. Huo ni uamuzi wa siri kuliko yote anayoweza kufanya mtu, lakini kiwango cha kila nchi kilikaribia kuwa kilekile mwaka hadi mwaka. Maeneo ya Waprotestanti yalikuwa juu kuliko ya Wakatoliki, na wasio na ndoa juu kuliko wenye ndoa. Hoja yake ilikuwa kwamba uzito wa mafungamano yanayomshika mtu una nguvu juu ya maisha na kifo chake. Waliomfuata walimkosoa, na ukosoaji wao una maana: nani aliandika sababu ya kifo, na familia zipi zilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuificha? Soma hoja, kisha soma pingamizi. (Kama mada hii inakugusa kwa karibu, mwambie mwalimu wa semina mapema. Atakupa mada nyingine, na hutakuwa umekosa kitu.)

Marx, Durkheim na Weber wananichanganya. Nitawatofautishaje?

Wachukue wote watatu, waasisi wa somo letu, uwapeleke kwenye mchezo. Namaanisha mchezo wa pesa, ule ambao wengine huita upatu na Kenya ni chama. Wanawake kumi wa mtaa mmoja, kila Jumapili kila mmoja anatoa shilingi 10,000, na 100,000 inayopatikana anapewa mmoja kwa zamu. Aliyepokea wiki ya kwanza ana wiki tisa mbele za kutoa bila kupokea. Hakuna mkataba, hakuna polisi. Kwa nini hatoroki?

Durkheim (1858–1917) angeanza hapo hapo. Anayetoroka na pesa anapoteza zaidi ya mchezo. Anapoteza watu wa kumpikia msibani, wa kumfunda binti yake, wa kumpigia hodi akikaa siku mbili ndani bila kuonekana. Kundi lina nguvu iliyo nje ya kila mmoja wao na inambana kila mmoja wao. Angeangalia pia kwamba pesa ingeweza kutumwa kwa simu kwa sekunde chache, lakini bado wanakutana, chai inachemshwa, jina la mwenye zamu linatajwa, vigelegele vinapigwa. Kwake yeye, kukutana kule ndiko kunakolifanya kundi liwe kundi.

Karl Marx (1818–1883) anaanza na kazi na mali. Anauliza kwa nini wanawake hawa wanahitaji mchezo. Benki inataka dhamana, dhamana ni hati ya nyumba, na nyumba ni ya kupanga. Mmoja wao ni mama lishe anayeamka saa tisa usiku kuwasha mkaa. Jioni akihesabu, sehemu ya jasho lake imekwenda kwa mwenye fremu na sehemu kwa anayemkopesha unga na mafuta. Mchezo unamwezesha kuvumilia mpangilio huo, na mpangilio unabaki palepale. Marx anauliza kila mara: nani anamiliki nini, na nani anafanya kazi kwa ajili ya nani?

Max Weber (1864–1920), Mjerumani, anauliza maana. Mmoja anacheza kwa ajili ya ada ya mtoto, mwingine apate kitenge cha sare ya harusi asije akaaibika. Kitendo ni kimoja, maana ni mbili, na kwake huwezi kueleza kitendo kama hujui mtendaji anakiona vipi. Kisha angeomba aonyeshwe daftari. Mwaka wa kwanza hesabu yote ilikuwa kichwani mwa mama mmoja anayeaminiwa. Halafu likaja daftari, mweka hazina, faini ya kuchelewa, katiba, muhuri. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kuweka na kukopeshana vinatakiwa kusajiliwa. Mamlaka yaliyokuwa kwenye heshima ya mtu yamehamia kwenye kanuni na karatasi. Weber alitaja aina tatu za mamlaka: ya mila, ya mvuto wa mtu mwenye karama, na ya sheria. Mchezo uliokua mpaka ukasajiliwa umezipitia mbili kati ya hizo mbele ya macho yako, na kama mwanzilishi wake alikuwa mama ambaye watu walimfuata kwa maneno yake tu, umezipitia zote tatu.

Mtihani ukikuuliza uwalinganishe, usihangaike kutafuta mshindi. Onyesha kila mmoja anaona nini ambacho wenzake wanakipita, kisha onyesha asichokiona. Durkheim, kwa mfano, atakwambia machache kuhusu yule mwanamke wa kumi na moja aliyenyimwa nafasi kwa sababu kipato chake hakiaminiki.

Waafrika wako wapi katika somo hili?

Swali zuri, na usiridhike ukijibiwa kwamba watakuja muhula wa pili.

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332 na kufia Cairo mwaka 1406. Mwaka 1377, karibu karne tano kabla jina la sosholojia halijabuniwa na Mfaransa Auguste Comte, aliandika Muqaddima, akieleza jinsi mshikamano wa kundi, aliouita asabiya, unavyowapa watu wa jangwani nguvu ya kuteka mji, na jinsi raha za mji zinavyoumaliza mshikamano huo ndani ya vizazi vichache. W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi, alipita nyumba hadi nyumba katika Kata ya Saba ya Philadelphia na mwaka 1899 akachapisha utafiti ambao ungetosha kumweka kwenye orodha ya waasisi. Kwa miongo mingi hakuwekwa. Alifia Accra mwaka 1963, akiwa amehamia Ghana.

Lakini ninayempenda zaidi kumfundisha ni Archie Mafeje. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1936. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi kisha kikaibatilisha kwa shinikizo la serikali ya makaburu, na wanafunzi wakalikalia jengo la utawala kwa siku kadhaa kupinga. Mwaka uliofuata alikuwa hapa Dar es Salaam, akiongoza idara ya sosholojia. Mwaka 1971 alichapisha makala fupi kuhusu itikadi ya ukabila ambayo bado inawasha. Anasema ugomvi wa Ulaya unaitwa siasa, wa Afrika unaitwa ukabila, na neno hilo linafunika tofauti za kitabaka. Mwenye mali anamwambia maskini wa kwao kwamba maslahi yao ni mamoja, na maskini anaamini.

Ukitaka kuona hoja hiyo ikitembea, anza na majina. Sukuma ni kaskazini. Wasukuma waliitwa hivyo kwa kuwa walikuwa upande wa kaskazini wa majirani zao Wanyamwezi, na jina la upande likawa jina la kabila. Kenya, jina Kalenjin lilishika katika miaka ya 1940, kutokana na neno lenye maana ya "nawaambia", likakusanya watu waliokuwa wakijiita Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wengineo. Hii haimaanishi makabila ni uongo. Mtu anaweza kufa kwa ajili ya jina lenye umri wa miaka themanini. Inamaanisha yana historia, na unaweza kuichunguza. Sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu ile ya 1967. Sensa ya Kenya ya 2019 iliuliza, na matokeo yakachapishwa. Nchi mbili jirani, fomu mbili, na ndani ya tofauti ya swali moja kuna insha nzima ya muhula.

Mihadhara ni ya Kiingereza na mimi nawaza kwa Kiswahili. Nifanyeje?

Waza kwa Kiswahili. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu nimeona wanafunzi wenye akili nzuri wakinyamaza mwaka mzima wakisubiri Kiingereza chao kiive. Kundi la majadiliano lijadili kwa Kiswahili mpaka hoja ieleweke, kisha wote mkae muiandike kwa Kiingereza cha mtihani. Hizo ni hatua mbili. Anayezichanganya anaishia kukariri sentensi za mhadhiri bila kujua zinasema nini. Wenzetu wa Burundi na Kongo wanaosoma kwa Kifaransa wana mlima huohuo.

Weka daftari la msamiati, lakini usitosheke na neno moja kwa neno moja. Kiingereza kina maneno mawili tofauti pale sisi tunaposema "jamii": moja ni la watu wanaofahamiana wa mtaa au kijiji, jingine ni la mpangilio mkubwa wa nchi nzima. Ukiyatafsiri yote kwa neno moja, sura nzima ya Durkheim inakupita, kwa sababu yeye anazungumzia jinsi maisha yalivyobadilika kutoka mshikamano wa watu wanaofanana kwenda ule wa watu wanaotegemeana kwa kuwa kazi zao ni tofauti.

Na mara nyingine Kiswahili ndicho kilicho mbele. Chukua utani. Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala maarufu mwaka 1940 kuueleza uhusiano wa namna hii, na alihitaji kurasa nyingi kufafanua jambo ambalo mtoto wa Kizaramo amelishuhudia msibani: mtani amekaa mlangoni, jeneza halipiti mpaka apewe chochote, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayekasirika. Ukieleza unachokijua wewe, kisha ukasoma maelezo ya msomi, utaona wapi amepatia na wapi hakufika.

Madesa yanatosha kufaulu?

Kufaulu kwa kupenya, pengine. Desa ni muhtasari wa mtu mwingine, mara nyingi wa mwaka mwingine, na makosa yake yanarithiwa. Nimesahihisha karatasi kumi na nne zilizomtaja Weber kuwa Mfaransa, zote kwa maneno yaleyale, na nikajua desa limetoka wapi.

Soma makala moja kwa wiki, kamili. Anza na utangulizi na hitimisho, kisha rudi katikati. Pembeni andika mambo matatu: mwandishi anapinga nini, ushahidi wake ni upi, na mtaani kwako ingekuwaje. Saa mbili zinatosha kwa makala ya kurasa ishirini ukiiacha simu chumbani.

Insha nzuri inaandikwaje? Na akili mnemba inaruhusiwa?

Soma kitenzi cha swali. "Eleza" si "jadili". Ukiambiwa ujadili, unatakiwa uwe na msimamo, uutetee, na umpe nafasi anayekupinga. Aya yako ya kwanza iseme msimamo huo. Acha zile fungua-pazia za "tangu mwanzo wa dunia binadamu ameishi katika jamii". Mifano iwe na mahali na watu: badala ya "watu wengi siku hizi", sema wamachinga wa Kariakoo, au wavuvi wa Kigamboni, au walimu wa shule uliyosoma.

Ukitumia wazo la mtu, mtaje, hata kama umelibadilisha maneno. Kunakili bila kutaja ni wizi, na vyuo vina programu za kuunasa. Kuhusu akili mnemba, kila chuo kina kanuni zake, zisome. Msimamo wangu ni huu: insha ya mwaka wa kwanza haina thamani yoyote kama bidhaa, hakuna atakayeinunua. Thamani yake ni kwamba uliisumbukia. Ukiikwepa hiyo, mwaka wa tatu utakaa mbele ya tasnifu kama mtu anayejifunza kuogelea katikati ya bahari. Tena mashine hizo hutunga marejeo yasiyokuwepo kwa kujiamini kabisa.

Tunatumwa mtaani kukusanya data. Nianzie wapi?

Anza na barua ya utambulisho kutoka chuoni. Ipeleke kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na ukiweza mjumbe akusindikize siku ya kwanza. Ukiingia mtaani na karatasi na kalamu bila kupita huko, utadhaniwa ni mtu wa bomoabomoa au wa kodi, na hakuna atakayekwambia kweli. Kenya utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Muulize mwalimu kama kazi yako ya darasani inafikia kiwango hicho.

Mwaka wangu wa pili nilipelekwa Manzese na dodoso la maswali thelathini. Swali la nne lilikuwa jepesi: kaya ina watu wangapi? Nilimkuta mama mmoja anachambua mchele mlangoni. Nikamwamkia, nikajieleza, nikauliza. Akaniangalia, akasema, "Unamtaka anayelala hapa au anayekula hapa, mwanangu?" Mdogo wake wa kiume anakula hapa ila analala kwenye fremu ya tajiri anailinda. Mjukuu analala hapa, chakula cha mchana anakula kwa bibi yake mwingine. Mume yuko Mererani machimboni, halali wala hali hapa, ila kodi ya chumba inatoka kwake. Ungo ukaendelea kupepeta, mimi nimesimama na kalamu. Nikaandika 5. Mpaka leo siwezi kukutajia hao watano ni nani.

Namba ile ilikuwa yangu kuliko yake. Sensa ya 2022 ililikwepa tatizo hili kwa kuchagua usiku mmoja, wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na kuhesabu watu pale walipolala. Jumla ikawa 61,741,120. Ni uamuzi unaofaa kwa kuhesabu nchi. Kwa kuelewa nani anamlisha nani, usingefaa, na yule mama alilijua hilo kabla yangu. Kwa hiyo lijaribu dodoso lako kwa watu watano kabla ya kulichapisha, na pale mtu anapokujibu kwa swali, acha kujaza visanduku umsikilize.

Omba ridhaa kila mara, ficha majina, na wakikuuliza "mtatuletea nini?" sema ukweli kwamba ni kazi ya masomo na hakuna msaada unaofuata. Wamekwisha kuahidiwa mengi.

Somo hili litanipotezea imani?

Nimeulizwa hili na Waislamu na Wakristo kwa sauti ileile ya chini. Sosholojia haina chombo cha kupima kama Mungu yupo. Inaweza kuuliza kwa nini makanisa ya kilokole yanajaa vijana waliohamia mjini, au futari ya pamoja inawafanyia nini majirani, na majibu hayo hayagusi ukweli wa unachokiamini. Utakachopoteza, pengine, ni uhakika kwamba kila desturi ya kwenu imetoka mbinguni. Nimewaona wanafunzi wakiswali na kusali kwa utulivu zaidi baada ya kujua kipi ni dini na kipi ni mazoea ya kijijini kwao.

Kuna kazi?

Zipo, hazikusubiri mlangoni, na shahada peke yake haitakupa. Wahitimu ninaowajua wako halmashauri, kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, kwenye kampuni za utafiti wa masoko, kwenye miradi ya afya na maji, wengine wanafundisha. Nafasi nyingi za serikali Tanzania hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo jisajili kwenye mfumo wao kabla hujahitimu.

Shahada ni miaka mitatu Tanzania, minne Kenya. Ndani ya miaka hiyo jifunze angalau programu moja ya takwimu, iwe SPSS, Stata au R, ambayo ni ya bure. Jifunze kutengeneza dodoso la simu kwa KoboToolbox. Jitolee kuwa mkusanya data likizo moja, hata kwa posho ndogo. Mwajiri akikuuliza unajua kufanya nini, "najua nadharia" ni jibu gumu kulinunua. "Nilihoji kaya sitini, nikasafisha data, nikaandika ripoti ya kurasa kumi" ni jibu linaloeleweka.

Nina wiki mbili kabla ya chuo kufunguliwa. Nifanye nini?

Nunua daftari la kurasa mia moja. Chagua sehemu moja unayoizoea mno: genge la mboga, kituo cha bodaboda, kibaraza cha msikiti, saluni. Nenda siku sita, nusu saa kila siku, saa tofauti. Andika nani amekaa wapi, nani anaanza kumwamkia nani, nani anakopeshwa na nani anaambiwa "leo hakuna deni". Usiandike kwa nini, andika nini. Majina yafiche tangu siku ya kwanza. Siku ya saba lisome lote kwa mkupuo, na pigia mstari kila kitu kilichojirudia ambacho hukuwahi kukiona kwa miaka yote uliyopita hapo. Uje nalo kwenye semina ya kwanza, tutaanzia hapo.